Sauti ya Ukuta wa Jikoni

Tabita, mama yangu,

Barua za zamani zilianza kwa kuuliza hali. Mimi hali yako naijua: uko chumba cha pili, umenuna, na sanduku umeliegemeza mlangoni kana kwamba kuna mtu atakuzuia kuondoka. Hali yangu nayo unaijua, maana mchana kutwa umenipita kwenye korido bila kusema zaidi ya "shikamoo baba," nami nikaitika "marahaba" kama karani wa benki. Heshima umeishika, siwezi kulalamika. Lakini hiyo shikamoo yako ya wiki hii inauma kuliko tusi.

Sitakuandikia habari za kuvaa sweta na kusali na kutunza pasipoti. Shangazi yako Yudithi ameshakuhubiria hayo yote tangu Jumapili, na asubuhi stesheni atarudia tena, dada yangu yule hajawahi kusema jambo mara moja akaridhika. Mimi nataka tuzungumze habari ya ukuta. Uliniomba kitu kimoja tu kabla hujaondoka: nizibue lile tundu la ukuta wa jikoni, uisikie tena ile sauti uliyoisikia ulipokuwa mdogo. Nikakataa. Ukachukua patasi uzibue mwenyewe, nikakunyang'anya, nikapiga kelele hadi jirani akachungulia juu ya michongoma. "Usiguse ukuta wangu!" Ukanitazama, ukasema polepole, "Wako? Ule ni wa mama." Tangu hapo hatujazungumza. Kesho treni inakuchukua, baada ya treni ni ndege, na baada ya ndege sijui. Siwezi kukuacha uende ukidhani kwamba baba yako ana roho ya jiwe. Ninayo sababu, na sababu yenyewe ni mbaya kuliko unavyofikiria.

Nianzie mbali kidogo, unistahimili. Ulikuwa unatambaa wakati mji huu ulipoanza kufura. Watu wanahamia, viwanja vinapimwa hadi kwenye mashamba ya uwele, kila mtu anataka nyumba. Mimi nilikuwa nimesomea kuchora ramani za nyumba, nikanunua ile mashine ya kuchonga inayoendeshwa na kompyuta, mkweche uliokwishachoka kwa mwenyewe wa kwanza. Majirani walikufa kwa kicheko. "Fundi gani huyu anajenga akiwa amekaa?" Lakini kazi yetu ilikuwa rahisi kuieleza. Matofali ya matundu, yale ya kupitisha upepo na mwanga, wengine waliyafyatua kwa fomu moja ya chuma, mtaa mzima ukafanana. Mimi boksi langu lilikuwa moja, ila viini vya ndani, vile vipande vya mbao vinavyoacha tundu zege likikauka, mashine ilivichonga tofauti kwa kila tofali, kwa vipimo nilivyoviandika kwenye kompyuta. Bei ile ile, lakini kila mteja na ukuta wake. Mtu anakuja anasema, "Nataka kama wa jirani, ila usiwe wa jirani." Namwambia, kaa hapo, zungumza na mama.

Na mama ni mama yako. Watu wanadhani mimi ndiye nilikuwa na akili katika karakana ile. Mimi nilikuwa mikono tu. Agnesi ndiye aliyepokea wateja, na hakuwauliza wanapenda ua gani au nyota gani. Aliwauliza, "Asubuhi unakaa wapi? Jua linakuchoma ukiwa unafanya nini? Mgeni akija, hutaki aone nini?" Mtu anaanza kueleza matundu, anamaliza akieleza ndoa yake. Mimi niko nyuma ya kioo cha kompyuta naandika. Kuna bwana mmoja mkubwa, alitaka kila tundu liwe na herufi za jina lake. Mama yako akamwambia, "Baba, nyumba unaishi wewe au linaishi jina?" Yule bwana akacheka lakini hakubadili nia. Tukamtengenezea. Baadaye akahamishwa, nyumba akaiuza, na mpaka leo pale mtaa wa Kikuyu kuna familia inakunywa chai asubuhi huku jua likiwaandikia ukutani jina la mtu wasiyemjua. Ukifika huko unakokwenda, wakikufundisha jinsi ya kumtengenezea kila mtu kitu chake peke yake, umkumbuke yule bwana. Mashine itampa mtu anachotaka. Kumuuliza vizuri ni kazi yako.

Sasa ukuta wenyewe. Mafundi ndio hulala nyumba mbovu, unajua. Nyumba za wenzetu zote zinapepewa, jiko la mama yako tanuri. Siku moja akaniwekea ugali na mlenda mezani, nami nataka kunawa, akasema, "Huli mpaka unichoree ukuta. Mtaa mzima wa Nkuhungu unapata upepo wako isipokuwa mimi." Akachukua karatasi, akavua bangili zake, ile kubwa ya shaba na zile nyembamba, akazipanga juu ya karatasi pamoja na vifuniko vya soda na kikombe chako cha uji, akazungushia kalamu moja moja. Ndiyo matundu hayo. Nikayaingiza kwenye kompyuta. Na kwa kuwa mkono wa mtu hauendi sawa, bangili moja ilikaa juu, nyingine chini, nikayanyoosha yakawa kwenye mistari. Nilimwonyesha kwa majivuno. Aliangalia kioo, akaniangalia mimi.

"Nani kakuambia uyanyooshe?"

"Yalikuwa yamepinda, Agnesi."

"Yalikuwa yangu. Yarudishe."

Nikayarudisha, huku nanung'unika. Laiti ningejua kwamba nilikuwa napewa somo la maisha yangu yote, ningeandika kwa wino. Lakini mtu haambiwi wakati anapofundishwa. Nilikula ugali umepoa.

Halafu akaugua. Homa iliyoanza kama mzaha, tukampeleka hospitali ili apewe dawa arudi jioni, wakamlaza. Wewe tulikupeleka kwa bibi Mpwapwa, pengine unakumbuka wale ndama uliokuwa ukiwakimbiza. Mimi niliendelea na kazi ya ukuta wake. Watu walinishangaa, mke yuko wodini na mwanamume anafyatua matofali. Lakini nilikuwa nimejiwekea mapatano na Mungu ambayo Mungu mwenyewe hakuyasaini: nikimaliza ukuta kabla hajatoka, atatoka. Kwa hiyo kompyuta nilikwenda nayo hospitali. Nilikaa kwenye benchi la nje, nikawa naandika vipimo vya viini, muuguzi akitoka nainuka, akirudi ndani nakaa, naandika tena. Usiku nachonga, asubuhi namwaga zege, mchana benchi. Hatukumaliza pamoja. Matofali yake yalikuwa bado yanakauka chini ya maturubai wakati tulipomrudisha nyumbani, na hakurudi kwa miguu yake.

Baada ya msiba jiko lilibaki na uwazi upande wa uani, mbuzi wa jirani wanaingia wanakula maganda. Nikaona aibu, nikaujenga. Mafundi wenzangu walikuja kunisaidia. Nilipoweka tofali la mwisho sikujisikia chochote. Nilinawa mikono tu.

Kisha ukaja upepo wa kipupwe. Unaujua upepo wetu, unaotoka kwenye vilima vya mawe huko na kuingia mjini na vumbi lake, unapiga mabati siku nzima kama mtu anayedai kitu. Wewe ulikuwa umerudi kutoka Mpwapwa, unacheza sebuleni. Mimi nilikuwa uani natengeneza kamba ya nguo. Nikakusikia unacheka. Ukatoka mbio, macho yamekutoka kwa furaha, ukasema, "Baba! Mama yupo jikoni."

Nataka ujue kwamba hukuwa peke yako. Mimi nami niliisikia. Wewe ulikuwa mtoto, ukaamini. Mimi nilikuwa mtu mzima, nikaiacha kamba ya nguo nikakufuata ndani. Ilikuwa ni ile sauti aliyokuwa akiitoa akipeteta uwele. Haikuwa wimbo, hukuwahi kuweza kusema ni wimbo gani, ni ile "mmm" ya chini, inakwenda, inakwenda, halafu mwisho inapanda kidogo kama anayeuliza. Upepo ukizidi inapanda. Upepo ukitulia inashuka, inapotea. Jikoni hakukuwa na mtu. Ungo wake ulikuwa umetundikwa pale pale.

Shangazi yako akaja jioni, ameleta maziwa. Akasimama mlangoni, akasikiliza, akaweka kibuyu chini taratibu. Yudithi yule yule asiyenyamaza! Akasema, "Mbukwenyi, wifi," akausalimu ukuta kwa Kigogo kama mtu aliyemkuta mwenyewe amekaa. Halafu akanigeukia. "Huyu hajaondoka. Waiteni wazee waje wazungumze naye." Mzee wa kanisa naye akasema tukeshe kwa maombi. Mimi niliwakasirikia wote wawili. Mimi mtu wa vipimo, bwana, niletewe mizimu kwenye ukuta niliouchora mwenyewe? Ndivyo nilivyosema kwa mdomo. Lakini siku moja nilikuwa nimeshika sufuria ya maharage, mgongo wangu uko ukutani, upepo ukapanda, ile sauti ikauliza, nami nikaitika. Nikasema, "Naam?" Nikageuka kabisa nimsikilize anasemaje. Hapo ndipo nilipoogopa, Tabita. Sikumwogopa yeye. Niliogopa jinsi nilivyokuwa na furaha.

Nikaanza kulitafuta. Upepo ukipiga, naziba tundu moja moja kwa kitambaa, nasikiliza, nazibua. Mpaka nikalifikia, lile tofali la usawa wa kifua, karibu na rafu ya chumvi, tundu lililochorwa kwa bangili kubwa ya shaba. Nikiziba, kimya. Nikizibua, mama yako. Nikachukua tochi, nikamulika ndani. Tundu lilipaswa kupita moja kwa moja kutoka uani hadi jikoni. Halikupita. Katikati zege lilikuwa limeacha mdomo mwembamba, mkali, na nyuma yake uwazi uliofumba kama tumbo la mtungi. Upepo ukiukata ule mdomo, tumbo linalia. Nikakimbilia kompyuta, nikafungua faili. Nikaona. Kipimo kimoja cha kiini nilikuwa nimekikosea kule kwenye benchi la hospitali. Pengine muuguzi alikuwa ametoka. Pengine niliandika namba moja huku macho yako mlangoni.

Na hapa ndipo ninapotaka uniangalie vizuri, maana hili ndilo nililokukosea kwanza. Ningeweza kunyamaza. Badala yake nilikuita. Nilikuwa nimefurahi, Mungu anisamehe, nilijisikia fundi. Nikachukua chupa tupu ya soda, nikaweka mdomo, nikapuliza, ikalia, vuuu. Nikasema, "Unaona? Ni hii tu. Hewa na tundu." Ulikuwa umevaa sare ya shule, soksi moja imeshuka. Ukaichukua chupa, ukachungulia ndani.

"Kwa hiyo siyo mama?"

"Siyo mama. Ni kosa la baba tu."

"Basi baba, usilitengeneze."

Nikakorogea simenti kwenye kopo, nikaziba. Nilijidai nafanya kwa ajili yako, mtoto asikue akizungumza na ukuta. Uongo. Niliziba kwa ajili ya ile "naam" yangu. Na nilipomaliza kuziba nikarudi kwenye kompyuta, nikasahihisha kipimo kwenye faili, nikasevu juu ya lile la zamani. Fundi mzuri haachi kosa likae. Nilifunga kompyuta nikaenda kulala kama mtu aliyelipa deni.

Wewe hukulia. Ulianza kufanya kazi zako za shule pale jikoni, umekaa kwenye kigoda, sikio limeegemea simenti. Nikikuuliza unafanya nini unasema, "Nasoma." Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nikawa nausubiri huo mshindo, haukuja. Uliniheshimu tu. Toka siku ya chupa ya soda hukuwahi tena kunikimbilia kuniambia umesikia kitu, chochote kile, hata radi.

Sasa naingia pale ambapo mkono wangu unataka kuacha kuandika.

Ulipokwenda bweni Mpwapwa, nyumba ilibaki na mimi na mabati. Kipupwe kikaingia. Upepo ukapiga wiki nzima, na ukuta uko kimya. Nikagundua kwamba nilikuwa nausikiliza. Nilikuwa nainama kuwasha jiko halafu nasimama katikati, kiberiti mkononi, nasubiri. Nikajiambia, mjinga wewe, simenti ni yako, patasi ni yako. Jumamosi moja nikaanza kuzibua. Niligonga kidogo kidogo, kama daktari wa meno. Simenti ya kuzibia ilikuwa imeshikana na ule mdomo mwembamba, vimekuwa kitu kimoja. Ilipotoka, ilitoka na mdomo. Tofali likapasuka hadi kwenye kona. Nilisikia linapasuka, Tabita. Halikulia kama mama yako, lililia kama tofali.

Sikuhangaika sana mwanzoni. Si kuna faili? Ndiyo uzuri wa kazi yetu, nilijiambia, kitu hakifi, unachonga kingine. Nikawasha mashine, nikachonga kiini, nikamwaga zege, nikasubiri likauke, nikaliweka. Upepo ukaja, ukapita moja kwa moja, bila kugusa chochote. Lilikuwa tofali zuri mno. Nikasimama mbele yake nikakumbuka kwamba nilikuwa nimelisahihisha.

Na namba ile sikuikumbuka. Jaribu kukumbuka namba uliyoiandika kwa bahati mbaya, ukiwa unawaza kitu kingine! Nilijaribu. Nikachonga kiini kifupi, nikachonga kirefu, nikachonga chenye kiuno chembamba na chenye kiuno kipana. Matofali niliyapanga uani yakitazama upepo, nikawa natembea katikati yake nasikiliza. Moja lilipiga mluzi kama birika. Moja lililia kama bundi, jirani akaja kuniuliza kwa adabu kabisa kama nafuga kitu. Mengine yalinyamaza. Hakuna hata moja lililokuwa yeye. Kulikuwa na moja, Mungu wangu, lilikuwa na ile ya chini, ile "mmm" yenyewe, lakini mwisho halipandi. Lilikuwa kama mama yako asiyeuliza kitu. Nililivunja kwa nyundo siku ile ile.

Likizo yako ilikuwa inakaribia. Nikaliacha lile tofali sahihi pale pale ukutani, nikalikorogea simenti, nikaziba tundu kama nilivyoziba mwanzo. Nikalipaka masizi ya jiko na udongo kidogo lisionekane jipya. Ukafika, ukanisalimia, hata begi hujaweka chini ukaenda jikoni, ukaweka kiganja pale. Nilikuwa mlangoni. Ulifumba macho.

Nami nikakuacha.

Likizo hiyo, na iliyofuata, na zote. Umekuwa ukiweka mkono wako juu ya tofali lisilo na kitu ndani, nami nakuona, nakunywa chai yangu. Halafu mwaka huu ukaja na ile habari ya chuo. Ukanisomea kwa sauti kile ulichowaandikia, kuhusu ukuta uliochorwa kwa bangili na fundi aliyekosea na sauti iliyofungwa ndani ikisubiri. Ukasema unataka kwenda kujifunza kutengeneza vitu ambavyo kila kimoja kina mtu wake. Nilikupigia makofi. Nikaenda nyuma ya karakana nikajishika kichwa. Wamekuchukua kwa ajili ya tofali, mwanangu, na tofali halipo.

Kwa hiyo uliposhika patasi wiki iliyopita, sikuwa namlinda mama yako dhidi yako. Niliogopa uzibue, upepo uje, na usisikie kitu. Ungefikiri ulidanganyika ulipokuwa mtoto. Hukudanganyika. Ilikuwepo. Ulikuwa wewe, na mimi, na shangazi yako aliyeweka kibuyu cha maziwa chini akausalimu ukuta. Hilo nakuandikia nikiwa na akili timamu: ilikuwa ni hewa na tundu, na ilikuwa ni yeye. Mimi niliyepuliza chupa ya soda ndiye ninayekwambia. Kosa lile lilikuwa na wiki ile nzima ndani yake, benchi, muuguzi, yale mapatano yangu ya kijinga na Mungu. Nisingempenda, ningeandika namba sahihi.

Nimetumia miaka mingi nikidhani kazi yetu ni kuondoa makosa. Hiyo mashine huiambii kitu ikakisahau, ukiiambia ukweli inashika, ukiiambia uongo inashika, na ukiiambia futa, inafuta, haikuulizi "una hakika, baba Tabita?" Naam, inauliza, inaleta kile kidirisha chake, lakini nani hukisoma? Mimi nilibonyeza. Watakupa huko mashine nzuri kuliko mkweche wangu, nazo zitakuwa tayari kukunyooshea kila kilichopinda kabla hujajua kimepindwa na nani. Sina la kukufundisha juu ya mashine hizo, utanipita kabla ya Krismasi. Ila mama yako aliniambia mara moja, "yalikuwa yangu, yarudishe," na sikuyarudisha yote.

Upepo umeanza sasa hivi ninapoandika. Unapita ukutani kama mgeni asiyejua jina la mwenye nyumba. Nitakwambia jambo la aibu, ucheke ukitaka: bado naitika. Kuna wakati mabati yanatulia kidogo, natulia nami, halafu nasema "naam," kwa adabu tu, asije akawa ameita nami sikusikia.

Sanduku lako utaliona zito. Usinilaani uwanja wa ndege. Jioni ulipokwenda kuwaaga majirani nimetoa karanga za shangazi yako na ule mtungi wa samli, usimwambie, na mahali pake nimeweka kitu kimefungwa kwenye kitenge ambacho mama yako alikuwa akijifunga jikoni. Ni lile tofali la kwanza. Vipande vyote nilivyoweza kuokota, hata vumbi lake limo kwenye mfuko wa nailoni. Simenti ya kuzibia bado imeng'ang'ania ule mdomo, sikuthubutu kuwatenganisha. Nimelificha juu ya dari miaka yote hii, kama mwizi.

Umeniambia huko wana mashine zinazomulika kitu kilichovunjika, zikakipima kila mkunjo, zikakiunganisha kwenye kioo bila kukigusa. Sielewi zinavyofanya, lakini naamini ukisema. Bangili ya shaba ya mama yako uliyovaa mkononi ndiyo kipimo cha nje, usiivue. Cha ndani kimo humo kwenye vipande, kama kimo. Pengine nimeshakiharibu na hakuna mashine itakayokiona, na ikiwa hivyo, basi niandikie hata tusi, nitalipokea kuliko shikamoo ya wiki hii.

Asubuhi nitakubebea sanduku hadi stesheni, na sitasema lolote kati ya haya, unanijua. Shangazi yako atazungumza kwa niaba yetu wote. Barua nitaipenyeza sandukuni kabla hatujatoka, utaikuta juu ya kitenge.

Nitafutie kosa langu, mama. Na ukilipata, nakuomba, usilisahihishe.

Ni mimi baba yako,
Nkuhungu